Herufi Iliyopotea Hewani

Mama yule alirudi siku ya Jumatano, kabla sijamaliza kufungua madirisha ya duka. Alikuwa amejifunga khanga mbili juu ya sweta, kwa kuwa Juni ya Uyole, hapa Mbeya, haimhurumii mtu aliyetoka kwake alfajiri, na mkononi alishika bahasha ileile ya kaki niliyomwekea karatasi zake siku tano kabla. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, kisha akatoa karatasi moja na kuiweka juu ya meza.

Ulikuwa muhtasari wa kikao cha ukoo. Niliuchapa mwenyewe kutoka kwenye kurasa mbili za daftari zilizoandikwa kwa mkono wa shemeji yake, na kila aliyewahi kufuatilia mirathi katika Mahakama ya Mwanzo anajua uzito wa karatasi hiyo.

"Mwanangu," akasema, "karani anasema jina la marehemu hapa si lile la kwenye cheti cha kifo."

Nilisoma. Jina la mume wake ni moja ya majina yale ya Kinyakyusa yanayoanza na Mwa, na katikati yake hukaa silabi "kya". Katika mstari wa tatu palisomeka "ka". Herufi moja tu haikuwapo, na kwa jinsi majina yetu yanavyofanana, lililobaki lilionekana kuwa jina halali la ukoo mwingine. Kwingine kote katika karatasi ile jina lilikuwa sahihi.

Kulirekebisha lilikuwa jambo la dakika moja. Lakini chini ya muhtasari ule palikuwa na sahihi za watu kumi na mmoja, na karatasi mpya ilihitaji sahihi mpya. Wawili kati yao walikwisha kurudi Kyela. Nilimrudishia nauli ya kuja na kurudi Tukuyu, akaipokea kwa mikono miwili baada ya kuikataa mara ya kwanza, akaenda kituoni kuanza upya kuwatafuta wanaukoo.

Hakunilaumu.

Nimeishi na jambo hilo kwa wiki nyingi.

## Kidole au kibodi

Mwanzoni nilijilaumu mimi, na sikukosea kabisa kufanya hivyo. Anayechapa nyaraka za watu ana wajibu wa kuzisoma kabla hajazitoa, nami niliusoma muhtasari ule kwa haraka, jicho likiona kile lililotarajia kukiona. Programu ya kuandikia nayo haisaidii, kwa sababu huyapigia majina yetu mstari mwekundu yote, yaliyo sahihi na yasiyo sahihi, hadi mtu anazoea kutouona mstari wenyewe.

Hata hivyo kulikuwa na kitu kilichokataa kutulia. Mtu aliyechapa kwa miaka mingi anayajua makosa ya vidole vyake kama anavyoujua mwandiko wake. Vidole vyangu hubadilisha herufi mahali, au hugonga ile ya jirani. "Kya" ingeweza kuwa "kay", au "kta", au "kua", kwa kuwa y iko katikati ya t na u. Kuruka herufi kabisa, na kuacha neno likiwa limefungana vizuri kana kwamba herufi hiyo haikuwahi kuwapo, si kosa langu la kawaida.

Usiku mmoja baada ya kufunga duka nilifungua mafaili ya miezi iliyopita, nikayasoma moja baada ya jingine kama mwalimu anayesahihisha madaftari. Katika barua ya mauziano nilikuta "kiwaja". Katika fomu ya mdhamini nilikuta "mashahdi". Katika barua ya uhamisho wa mwanafunzi nilikuta "Rugwe" mahali pa Rungwe. Mahali pamoja palikuwa na herufi iliyojirudia, lakini penginepo pote ilikuwa herufi iliyokosekana, na hakuna hata pamoja ambapo herufi zilibadilishana nafasi.

Kisha nikatazama tarehe. Mafaili yote yenye kasoro hiyo yalikuwa ya baada ya Aprili.

Aprili ndipo nilipoondoa waya.

## Meza iliyokuwa safi

Sikuziondoa kwa kufuata mtindo. Katika steshenari ndogo, meza moja hubeba kompyuta mpakato, kibodi, kipanya, printa, skana na simu za wateja zinazochajiwa, na kila kimoja huja na waya wake. Waya wa kipanya hukatikia shingoni, pale unapokunjwa kila siku. Waya wa printa hulegea tunduni. Mwezi Machi mtoto wa mteja mmoja alijikwaa kwenye waya wa kibodi uliokuwa ukining'inia upande wa wateja, kompyuta ikaburutika na kuanguka, na kioo kikapasuka. Mtoto hakuumia, jambo ambalo ningepaswa kulihesabu kwanza kuliko nilivyolihesabu siku ile.

Nikanunua kibodi na kipanya visivyo na waya, vya bei ya kati, vinavyotumia kipokezi kimoja kidogo kinachochomekwa kwenye tundu la USB. Printa nikaiunganisha na waifai. Meza ikawa pana ghafla. Nilifurahi kwa dhati, na wateja wakaniambia duka limependeza.

Hamu ya kuachana na waya ni ya zamani. Ndiyo iliyowafanya wahandisi wa Ericsson mjini Lund, Uswidi, waanze mwaka 1994 kutafuta redio ya masafa mafupi itakayochukua nafasi ya kebo kati ya vifaa. Kabla ya hapo kulikuwa na mwanga wa infraredi, ambao ulitaka vifaa viwili vitazamane uso kwa uso. Wengi wetu tunakumbuka kuziweka simu mbili mezani zikielekeana na kukataza mtu yeyote asipitishe mkono. Mwaka 1998 Ericsson, Nokia, IBM, Intel na Toshiba waliungana rasmi, na jina la Harald Bluetooth, mfalme wa Denmark wa karne ya 10 aliyeunganisha watu wake, likabaki kuwa jina la teknolojia hiyo hadi leo.

Kulikuwa pia na jaribio kubwa zaidi, ambalo limesahaulika. Mwaka 2005 zilitolewa kanuni za USB isiyotumia waya, iliyokusudiwa kupitisha megabiti 480 kwa sekunde ndani ya mita 3, na megabiti 110 ikiwa umbali ni mita 10. Kasi ile ya kwanza ilikuwa sawa na ya kebo ya USB 2.0. Vifaa vichache vilitengenezwa, kisha vikatoweka madukani. Niliposoma habari hiyo nilikaa nayo muda mrefu, kwa sababu nilikuwa nimeamini kwamba kebo ipo tu kwa kuwa hakuna aliyewahi kujaribu kwa nguvu kuiondoa.

## Hewa haipimwi kwa mita

Fundi wangu ana meza yake Mwanjelwa. Ni mtu mzima, mtaratibu, na ameniunganishia waya nyingi kwa risasi kuliko ninavyoweza kuzihesabu. Nilimpelekea kibodi pamoja na kipokezi chake. Akabadilisha betri, akasafisha vitufe, akaandika mistari miwili. Haikukosekana herufi hata moja.

"Waya ukisumbua naupima kwa mita," akaniambia, "nakuonyesha ulipokatikia. Hapa umeniletea hewa. Niipime kwa kifaa gani?"

Kisha akauliza swali ambalo kila fundi mzuri hufika kwalo: kule dukani, wakati inakosea, huwa kuna nini kingine pembeni yake?

Nilirudi Uyole nikilitafakari swali hilo ndani ya daladala. Pembeni ya kipokezi kuna tundu jingine la USB, lenye plastiki ya bluu ndani. Tundu hilo hutumiwa zaidi na mpiga picha wa harusi wa jirani, ambaye huja na diski yake ya nje, hunakili video kwa saa nzima na kuendelea na shughuli zake. Nilifungua daftari la mapato. Ijumaa niliyochapa muhtasari wa yule mama, mpiga picha alikuwapo asubuhi ile.

Jioni hiyo nikafanya jaribio. Niliandika sentensi moja mara ishirini bila diski, na mistari yote ikatoka mizima. Nikamwomba mpiga picha diski yake, nikaanza kunakili faili kubwa, nikaiandika tena sentensi ileile mara ishirini. Mistari minne ilikosa herufi.

Nilisimama pale nikiitazama mistari ile minne, nikimfikiria mama aliye njiani kwenda Kyela kutafuta sahihi.

Sababu yake inajulikana, na mtu yeyote angeweza kuisoma. Mwaka 2012 Intel walitoa waraka ulioeleza kwamba USB 3.0, ile ya tundu la bluu, ikiwa inapitisha data kwa kasi yake ya gigabiti 5 kwa sekunde, humwaga kelele ya redio inayofika hadi kwenye masafa ya gigahezi 2.4. Kelele hiyo hutoka kwenye tundu lenyewe, kwenye kebo na kwenye kifaa kilichochomekwa. Masafa ya gigahezi 2.4 ndiyo yanayotumiwa na kibodi nyingi zisizo na waya, na Bluetooth, na waifai nyingi, na hata jiko la maikrowevu hufanya kazi humohumo, kwa sababu ni uwanja ulio wazi ambao mtumiaji haombi leseni yake. Kipokezi changu kilikuwa kimekaa sentimita mbili kutoka kwenye chanzo cha kelele, kikijaribu kuisikia sauti ndogo ya kibodi iliyo mbali zaidi ya nusu mita.

Kibodi isiposikika hurudia kutuma. Ndiyo maana mara nyingi mtu hatambui lolote. Lakini kelele ikizidi, kurudia nako hakufui dafu, na herufi hupotea.

Waraka ule ulitaja tiba mbalimbali za kufanywa na watengenezaji, kama vile kuziba tundu na kifaa kwa ngao ya chuma, na moja iliyo ndani ya uwezo wangu: kukiweka kipokezi mbali na chanzo cha kelele. Nikanunua waya wa kurefushia wa USB, nikakipeleka kipokezi hadi upande wa pili wa meza. Kasoro ikakoma. Nilihitaji kununua waya ili kitu kisicho na waya kifanye kazi yake.

## Kosa lisilopiga kelele

Hapa ndipo fikra zangu zilipogeuka, na ndiyo sababu ya kuandika makala haya.

Nilikuwa nimelinganisha waya na mawimbi kwa urahisi wake: kipi kinapendeza, kipi kinachosha, kipi kinakatika mapema. Sikuwahi kulinganisha namna vinavyoshindwa. Waya wa kibodi ukikatika, kazi husimama. Unabonyeza, hakuna kinachotokea, unauinua, unautikisa, unauona. Mteja naye anaona, anajua kuna tatizo, na anaweza kuamua kwenda duka la pili. Karatasi mbovu haitoki, kwa sababu hakuna karatasi inayotoka.

Mawimbi yakisumbuliwa, kazi huendelea. Inaendelea kwa sura nzuri, kwa kasi yake ya kawaida, ikiwa imebeba upungufu ambao hakuna aliyeushuhudia ukitokea. Wala mzigo wa upungufu huo haumwangukii aliyenunua kifaa. Mimi nilipata meza safi. Nauli na sahihi kumi na moja vilimwangukia mjane aliyetoka Tukuyu.

Nimejiuliza kama hukumu hii ni kali mno. Bluetooth, kwa mfano, imeundwa ikijua kwamba uwanja wake una msongamano: huruka kutoka mkondo mmoja hadi mwingine mara 1,600 kwa sekunde katika mikondo 79, na tangu toleo la 1.2 la mwaka 2003 imejifunza kuikwepa mikondo iliyokwisha kuchafuka. Huo ni ustadi wa kweli, na naamini kibodi bora kuliko yangu ingestahimili zaidi. Mhandisi angeweza kuniambia kwamba tatizo lilikuwa mahali nilipochomeka kipokezi, si teknolojia yenyewe, na angekuwa sahihi.

Lakini nani aliniambia nisikichomeke pale? Kipokezi kile kimetengenezwa kiwe kidogo kiasi cha kusahaulika tunduni, na kompyuta yangu ina matundu mawili tu upande huo, yanayogusana. Nilikifuata kifaa kama kilivyonielekeza kwa umbo lake.

Printa nayo ilinifunza jambo hilohilo kwa njia nyepesi. Umeme ukikatika na kurudi, rauta huamka na kuigawia printa anwani mpya, huku kompyuta ikiendelea kuitafuta kwenye anwani ya zamani. Kwenye kioo huandikwa kwamba kazi imetumwa. Hakuna kinachotoka. Nilikwisha kuzoea kuzima na kuwasha kila kitu, wateja watano wakisubiri, hadi siku niliporudisha kebo yake ya kawaida na kuusahau ugonjwa huo. Printa ile haijawahi kusogezwa kutoka mahali pake tangu nifungue duka. Sioni sasa ni uhuru gani niliokuwa nikiupa.

## Kibarazani

Kwa hasira nilitaka kuvirudisha vyote kwenye waya, na ningefanya hivyo kama si kijana mmoja anayetumia kiti mwendo.

Duka langu lina ngazi mbili mlangoni. Ni kasoro ya jengo, nami nimeahidi kuishughulikia, lakini bado ipo. Zamani kijana huyu alikuwa akisimama nje na kunitajia kwa sauti kila kitu: namba yake ya kitambulisho, barua pepe, na hata nywila ya akaunti anayoombea kazi, huku watu wakipita. Tangu Aprili nilikuwa nikimtolea kibodi hadi kibarazani, anaiweka mapajani, naigeuza kompyuta imtazame, naye anajiandikia. Mara ya kwanza alipoandika nywila yake mwenyewe alinitazama, akaniambia, "Kaka, leo ndiyo siri yangu imekuwa siri."

Sikuwa tayari kumnyang'anya hilo.

Wakati huohuo nilikuwa nimesoma jambo jingine lililonikosesha usingizi. Mwaka 2016 watafiti wa kampuni ya usalama ya Bastille, ya Marekani, walionyesha kwamba kipanya na kibodi nyingi zisizo na waya zinazotumia vipokezi vyao vya pekee zingeweza kuingiliwa na mtu aliye umbali wa mita nyingi, akatuma vitufe vyake mwenyewe kana kwamba ni mwenye kompyuta. Baadaye mwaka huohuo walionyesha kwamba baadhi ya kibodi za bei nafuu zilikuwa zikituma kila herufi wazi, bila kuifunga kwa msimbo wowote, hivyo aliye na redio inayofaa angeweza kusoma kila kinachoandikwa. Siamini kwamba kuna mtu Uyole aliyekaa na redio akinisikiliza. Lakini watu huniletea namba zao na nywila zao kwa kuniamini, na siwezi kuwajibu kwamba nadhani hakuna anayesikiliza.

Hivyo kwa ajili ya kibaraza nilinunua kibodi ya Bluetooth. Wakati wa kuiunganisha kwa mara ya kwanza, kompyuta huonyesha tarakimu sita, nazo lazima ziandikwe kwenye kibodi yenyewe. Baada ya hapo mazungumzo kati yao hufungwa kwa msimbo. Haina kipokezi cha kuchomeka tunduni. Yule kijana ndiye aliyeziandika tarakimu zile sita. Bado naisoma kila karatasi anayoandika kabla ya kuitoa, naye huisoma pia, na mpaka sasa hatujakuta herufi iliyokosekana.

## Meza ilivyo leo

Kibodi ninayochapia nyaraka ina waya. Nimeupitisha chini ya meza na kuubana kwa vishikio vya plastiki hadi nyuma ya kompyuta, ili mtoto asije kujikwaa tena, kazi iliyonichukua nusu saa na ambayo ningeweza kuifanya Machi. Printa ina kebo yake. Kipanya nimekiacha bila waya, kwa kuwa mshale ukiruka nauona palepale na hakuna karatasi ya mtu inayoharibika. Kibodi ya kibarazani inaning'inia kwenye msumari karibu na mlango, na betri za akiba ziko kwenye droo. Mpiga picha anaendelea na tundu lake la bluu.

Mwezi Agosti yule mama alirudi. Sahihi zote zilipatikana, ingawa mmoja wa wazee wa Kyela alimsubirisha siku mbili. Safari hii alihitaji barua ya kupeleka benki, na alikuja na mjukuu wake wa darasa la sita, mwenye sauti ndogo na sare ya shule iliyopigwa pasi.

Nilimwambia mama kilichotokea, kuanzia kipokezi hadi diski ya mpiga picha. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Kwa hiyo uliandika," akasema, "ila haikufika."

"Ndiyo, mama. Nami sikuangalia kama imefika."

Akamsogeza mjukuu karibu na meza. Mtoto akafungua cheti cha kifo, akaanza kulitaja jina la babu yake herufi kwa herufi, nami nikaifuata sauti yake kwa vidole. Alipomaliza nikamgeuzia kioo, nikamwomba alisome tena, sasa kutoka kwenye kompyuta, huku bibi yake akifuatilia kwa kidole kwenye cheti.